Filamu Iliyoanzia Mwisho

Nikikuambia utazame filamu fulani, itazame. Huwa sisifu kitu ovyo. Nina hoteli ndogo ya mabati Malaba, upande wetu wa Kenya, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda. Runinga yangu huwashwa asubuhi chai ya kwanza inapochemka, na huzimwa ninapofunga. Hesabu mwenyewe ni filamu ngapi zimepita machoni pangu nikisukuma chapati.

Hii ninayokusifia haijulikani na watu. Nilikuwa nimekwenda Busia kununua filamu kumi za kupigana, zile ambazo msimulizi wa Kampala hutafsiri kwa Kiganda huku akitia mizaha yake. Muuzaji akaniwekea moja zaidi kwenye flashi, kama vile muuza nyanya anavyokuongezea moja ukishalipa. Haikuwa na msimulizi, ila maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini. Niliiwasha asubuhi moja ya mvua, wateja wakiwa wachache, na sikuinuka mpaka ikaisha. Maharagwe yote yaliungua.

Inaanza na mwanamume anayeingia kituo cha polisi na kusema amemuua rafiki yake. Basi, muuaji umeshamjua na chai yako bado ni ya moto. Kipande kinachofuata ni mambo ya jana yake, kinachofuata ni ya juzi, na hadithi inazidi kurudi nyuma hivyo hivyo. Ile hofu yako haiwi tena ya nani ameua. Unaogopa kufika walikoanzia. Mwisho kabisa unawakuta marafiki wale wawili wamekaa wanakula samaki kwenye sahani moja, wanacheka, na filamu inaishia hapo. Nililia, na mimi si mtu wa machozi ya karibu.

Sasa, raha ya filamu ni kuizungumza. Nilitaka mtu mmoja tu aliyeiona yote, tukae, nimwambie na yeye aniambie. Kumbe nilikuwa naomba kitu kikubwa, maana Malaba hakuna mtu anayemaliza filamu. Foleni ikisonga, dereva anaacha hata nyama mdomoni. Ukichelewa kidogo wa nyuma anakupita, na waliokupita hawarudi nyuma kwa ajili yako.

Tena wengi hawakungoja hata foleni.

"Mama, hii muvi yako imeharibika," dereva mmoja aliniambia. "Imeanza na mwisho. Rudishia huyo jamaa akupatie ingine."

"Iko hivyo. Kaa utaona."

"Nikae aje na mwenye ameua nishamjua? Wekea sisi ya kupigana."

Dada yangu wa Amagoro alikuja kunisalimia, nikamketisha mbele ya runinga kwa nguvu. Alilala kabla ya kipande cha tatu, akaamka akaniambia ni filamu nzuri sana. Nilimfungia chapati zake aende.

Akabaki mzee mmoja dereva. Alikuwa akipeleka mafuta ya kupikia Kampala, na kila baada ya wiki mbili hivi alipita kwangu kunywa chai isiyo na sukari. Hakuwa mwongeaji. Siku moja, akilipa kwa haraka kwa sababu foleni ilikuwa imesonga, aliniambia, "Mama, hiyo muvi yako nimeimaliza."

Nilikaribia kuangusha birika. "Yote?"

"Yote. Ile safari ya kwanza nilikuta wanakula samaki. Safari ya pili nikaona vile wanakosana juu ya shamba. Leo nimeona ameenda polisi." Alichukua kofia yake. "Ni stori ya kawaida tu. Watu walikuwa marafiki, wakakosana, mmoja akaua."

Nilibaki nimesimama na birika mkononi. Mtu pekee aliyeiona filamu yangu nzima alikuwa ameiona vipande vipande kila foleni ilipomruhusu, cha mwisho kwanza na cha kwanza mwisho, ikamnyookea kama barabara ya Mundika. Kila kitu kilichonitoa machozi kilikuwa kimempita.

Aliporudi safari iliyofuata sikumpa nafasi ya kukaa.

"Wewe mzee umevaa shati ndani nje, halafu unaniambia eti linakutosha. Utaitazama upya, kutoka mwanzo."

"Ya nini? Nishaijua."

"Hujui kitu!"

"Mama, mimi nimekuja kunywa chai."

Nilimsumbua safari hiyo, nikamsumbua na iliyofuata. Safari ya tatu nikamwona akivuka barabara kwenda kunywa chai kwa jirani yangu. Iliniuma, nisikudanganye. Nilikuwa nimemfukuza mteja wangu mwema kwa mdomo wangu mwenyewe, na filamu bado ilikuwa yangu peke yangu. Nilijiapia kwamba akirudi sitaitaja tena.

Alirudi, na nikatimiza kiapo. Nilimwekea chai nikanyamaza. Aliinywa nusu, akaniangalia, akatazama runinga, akaniangalia tena.

"Chai ya huyo jirani yako inanuka moshi," alisema. "Haya, weka hiyo muvi tumalize hii vita."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nje foleni ilikuwa imelala kabisa, madereva wamejinyoosha chini ya trela zao. Niliiwasha. Kipande cha kwanza alikuwa akipekua simu. Cha pili aliiweka mezani. Kufika cha nne alikuwa amesogeza kiti karibu na runinga, na mimi nikajifanya nafuta meza ambayo nilikuwa nimeshaifuta.

Ndipo injini zikaanza kunguruma nje. Kijana wa lori lililokuwa nyuma yake alichungulia mlangoni.

"Mzee, line imesonga! Toa gari!"

Mzee hakugeuka. Aliinua mkono tu, akaupunga. "Pita."

"Nipite?"

"Piteni nyote."

Wakapita. Niliyahesabu malori kumi na matatu, kisha nikaacha, kwa sababu kipande cha mwisho kilikuwa kimefika. Wale wawili waliketi, sahani ikaletwa, wakaanza kula. Mzee alivua miwani, akaivaa tena. Filamu iliisha, runinga ikawa nyeusi, naye akaendelea kuiangalia.

"Umeona yule anatoa miiba?" alisema baadaye, polepole. "Anatoa miiba, nyama anawekea mwenzake. Na huyo huyo wa kutoa miiba ndiye ataenda kumuua."

Nilikuwa nimeitazama mara saba, na ile miiba sikuwahi kuiona hata mara moja. Nilifurahi mno. Wateja wawili walikuwa wameingia wakiita ugali. Niliwaambia jiko halijawaka, nikavuta kiti nikaketi mbele ya yule mzee, nikamwambia aendelee.