Kikapu cha tisa, Yakobi: nilichokiona na nilichokisikia siku ya disc golf

Kamwene wakuu.

Kabla sijaanza, nitenganishe mambo mawili. Nilisikia kwamba siku ile nyumba za wageni mjini Njombe zilijaa hadi watu wakalala kwenye magari. Sikuzikagua, kwa hiyo sithibitishi. Nilisikia pia kwamba kuku wa jirani alipigwa na kisahani akataga papo hapo. Kuku huyo sikumwona, wala yai.

Yanayofuata niliyaona mwenyewe, isipokuwa jambo moja, na jambo hilo ndilo sababu ya uzi huu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Yakobi, hapa Njombe. Wanafunzi wangu wote wanakumbuka swali langu moja: "Umeona, au umesikia?"

Kwa wasioujua, disc golf ni gofu isiyo na fimbo wala shimo. Mchezaji hurusha kisahani cha plastiki hadi kitue ndani ya kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi.

Vikapu tisa vilipoletwa na waandaaji wa mashindano na kusimikwa kwenye malisho yetu, kando ya miti ya misindano, jirani yangu Mama Atu, ambaye mtaa mzima unamwita Redio, alitangaza kwamba visahani vina kamera za kupimia mashamba yetu ili yauzwe. Nilichukua kisahani kimoja nikakikata kwa msumeno mbele yake. Plastiki tupu.

"Basi kamera wameificha kwenye kikapu," akasema.

Hata hivyo, baada ya wiki chache malisho yale yalikuwa na watu kila siku. Wazee tuliokuwa tukijifungia ndani na makoti yetu ukungu unaposhuka, tukawa tunarusha, tunabishana, tunasaka visahani kwenye matuta ya viazi.

Mimi ni mgane. Alasiri zangu zilikuwa ndefu sana kabla ya vikapu hivyo.

Sasa, mashindano yalikuwa na sharti: mji utakaoshinda utabaki na vikapu na kuandaa mashindano yajayo. Makambako walikuja na mabasi mawili ya mashabiki. Hayo niliyahesabu. Akina mama wa mtaa waliuza viazi vya kuchemsha na chai hadi masufuria yakakauka. Hayo niliyachungulia.

Mwisho walibaki wawili, wakiwa sare, na kikapu kimoja tu mbele yao. Upande wetu alikuwa Mama Tumaini, shemeji yangu, mkulima wa viazi. Upande wa Makambako alikuwa Fundi Lupyana, fundi pikipiki mwenye mdomo usiochoka.

Kikapu cha tisa kiko nyuma ya misindano, anayerusha hakioni. Nilipangwa kuwa mwangalizi wake kwa sababu, walisema, nisingeweza kuapia nisichokiona.

Lupyana alirusha kwanza. Kisahani chake kilitua hatua mbili kutoka kikapuni. Mrusho wa pili asingeukosa. Kwa hiyo ili shemeji ashinde, alipaswa kuingiza kwa mrusho mmoja.

Ndipo Redio, aliyeniletea chai, akaninong'oneza: "Mwalimu, nasikia Lupyana amepaka kisahani chake dawa."

Wakuu, nilimgeukia. Nikainua kidole.

"Mama Atu, umeona, au umesi..."

Chwaaa!

Minyororo ililia nyuma yangu. Nilipogeuka ilikuwa bado inacheza, na kisahani chekundu cha shemeji kilikuwa kimetulia ndani ya kikapu.

"Kimeingia! Nimekiona kwa macho yangu!" Redio alipiga kelele, chai ikimwagikia kiatu changu.

Watu wakaja mbio, Lupyana mbele yao.

"Mwalimu, sema wewe. Huyu mama asubuhi alitangaza kwamba nina wake watatu."

"Wanne," Redio akamsahihisha.

"Mwalimu, uliona kikiingia?" Lupyana akauliza.

Shemeji alijishika kichwa kwa mikono miwili. Mimi niliziona alasiri zangu zikipakiwa kwenye basi la Makambako.

"Sikuona," nikasema. "Nilisikia."

Makambako walilipuka kwa kicheko. "Mwalimu amesikia!" Lupyana alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi. "Jamani, leo Mwalimu amesikia!"

Nilisubiri watulie, kama darasani. Kisha nikaeleza kwa mpangilio. Minyororo niliisikia. Ikicheza niliiona. Kisahani nilikiona kimetulia. Mtu pekee aliyekuwa karibu ni Mama Atu, naye alikuwa mbele yangu, ameshika birika kwa mikono miwili, akitazama kikapu juu ya bega langu. Hakuna mkono uliokitia mle. Kwa hiyo anachosema alikiona, alikiona.

"Rudia hapo mwisho, Mwalimu," Redio akasema.

"Mama Atu amesema kweli."

"Mmesikia wenyewe! Mtaa mzima mmesikia!"

Lupyana akavua kofia yake, akamvika shemeji. "Shikamoo mama. Umenimaliza."

Vikapu vikabaki Yakobi. Mimi niliruka. Naliandika hilo bila kusita kwa kuwa aliyeruka ni mimi, na goti linanithibitishia mpaka leo.

Nilichojifunza ni kwamba mtu aliyekosea kila siku bado ana macho, na kwamba swali langu la miaka yote lilikuwa na kasoro. Siku hizi nauliza: "Ulikuwa umesimama wapi?"

Wakuu wa Makambako mliokuwepo, nisahihisheni hapa chini. Ila kila mmoja aanze kwa kutaja alikuwa amesimama wapi.

Nayaandika haya nikiwa malishoni. Minyororo ya kikapu cha tisa imelia sasa hivi, na safari hii nilikuwa nakitazama. Ni Mama Atu. Anawatangazia watu kwamba ameingiza kwa mrusho wa pili.

Ni wa saba. Nimeona.