Choo cha Mama Mukwe

Kwangu leo iko twalete, choo cha vigae, karo nyeupe, na maji yanashuka kutoka tangi. Nimejenga mwenyewe. Masomo niliacha mapema, lakini hakuna fundi katika avenyi yetu, mtaa mzima, anayeweza kunidanganya juu ya simenti. Wageni wakija nawaonyesha, hata kama hawana haja.

Wakati wa vita robine za maji zilikauka, treni iliyoleta mafuta ya pampu haikuja tena. Tulichota kwenye chemchemi chini ya muteremko, nyuma ya parsele, kiwanja chetu. Na juu ya muteremko ule ule ndipo watu walijisaidia: waliokimbia vijiji, askari, majirani wavivu wa kuchimba. Mvua ikinyesha, vyote vilishuka. Nimeona inzi wa kijani kwenye mudomo wa bidoni ya maji, na funza ndani. Tukachuja kwa kitambaa, tukanywa. Tulikunywa mavi ya wenzetu, nasema vile ilivyokuwa.

Mimi nilikuwa nasukuma kinga, baiskeli yenye mawese, njia ya Kalima, na nguvu nilikuwa nazo. Nikachimba choo kirefu, nikakifunika vizuri. Hakuna mwingine aliyekuwa nacho kama kile. Kisha mama mukwe akakimbia kutoka mji wa Kama, akaja kukaa kwetu. Na kwetu, mama mukwe haingii choo anachoingia mukwe wake. Afadhali afe. Kila alfajiri alishika kopo lake, akashuka muteremko, akajisaidia juu ya maji yetu.

Binti yetu, aliyekuwa ameanza tu kutembea, akashikwa na kuhara. Maji matupu, kama ya muchele uliooshwa. Macho yakaingia ndani. Muke wangu alimuchemushia maji yake, lakini kuni zilikuwa shida, porini kulikuwa na askari. Mutoto alipata nafuu kidogo, akanywa kikombe cha wengine, maji yasiyochemushwa, akaanguka tena.

Nikachimba choo cha pili, cha mama mukwe peke yake. Kwa kuwa sisi wawili hatusemezani uso kwa uso, nilimwambia muke wangu kwa sauti:

“Mwambie mama yako, choo chake kiko tayari.”

Nyuma ya jiko mama mukwe akajibu, anaongea na sufuria: “Mwambie mume wako, mulango unatazama kiti chake. Nikiingia, akae pale ananihesabu?”

“Tangu lini mimi nahesabu mavi?”

“Baba, punguza sauti,” muke wangu akasema, mutoto mapajani kama kitambaa kilicholowa. “Avenyi yote inasikia.”

Avenyi ilisikia kweli. Jirani, mujane ambaye choo chake kilikuwa kimebomoka, akatokeza kichwa juu ya ua wa matete.

“Baba, geuza mulango. Utazame kwangu. Mama atapita parsele yangu, wewe hutamwona. Ila na sisi tutaingia. Tumechoka kule chini.”

Siku ile ile niligeuza mulango, nikafungua njia katika ua. Asubuhi nilisikia kopo likipita upande wa mujane. Majirani wengine nao nikawafokea mpaka wakachimba. Harufu ya chemchemi ikapungua, mutoto akaacha kuhara, hakuanguka tena. Siku moja akadai wali. Nilimupa wangu wote.

Leo muradi mumoja umejenga chemchemi kwa simenti na bomba. Juzi nilikuta kijana wa simu mbili amechutama juu yake. Nikamufokea.

“Papa, ni mbolea hii,” akaniambia, anafunga mukanda.

“Basi kunywa wewe wa kwanza!”

Mama mukwe angali hai, haoni vizuri. Karo zangu hataki hata kuzisikia. Choo cha zamani kilipojaa nilichimba kingine, mulango kwa jirani. Asubuhi yule binti, sasa mama wa watoto, anamushika bibi yake mukono, wanapita ule upenyo wa ua. Mimi nageuza kiti changu, natazama barabara.