Sabuni Iliyogoma Kuganda

Saa nne asubuhi, yai linaelea kwenye ndoo, na wanafunzi wa kidato cha tatu wanashangilia kana kwamba timu yao imefunga bao.

"Limeelea! Maana yake nini?" anauliza Mwalimu Alistidia Kyaruzi, akiinamia ndoo ya maji ya majivu nyuma ya darasa, katika shule moja ya sekondari karibu na Kamachumu, wilayani Muleba.

"Magadi yamekolea!"

Majivu hayo ni ya maganda ya ndizi, ambayo hapa hayakosekani katika nyumba yoyote. Maji yake yakichemshwa pamoja na mafuta ya mawese, hutoka sabuni. Maabara ya Alistidia ni jiko la kuni, sufuria mbili, glavu na miwani ya kukinga macho aliyoinunua Bukoba mjini.

Miaka miwili iliyopita, wanafunzi kumi na mmoja tu walichagua kemia.

"Walikariri fomula kama sala," anasema akicheka. "Nikajiuliza, mtoto huyu akirudi nyumbani, kemia hii ataifanyia nini?"

Akaanza na sabuni. Ikagoma kuganda. Mara tatu walipika, mara tatu wakapata uji wa kahawia. Kwenye kikao cha wazazi akasimama Anatolia, mama anayenunua samaki kwenye visiwa vya ziwani na kuwauza Kamachumu.

"Mwalimu, waitu," alisema kwa heshima ya Kihaya, "mwanangu nilimleta asome. Kufua anajua tangu nyumbani."

Ukumbi ukaangua kicheko. Alistidia anakiri kwamba siku hiyo alizisugua zile sufuria akiwa ameshaamua kuacha.

Kesho yake Kokugonza, binti wa Anatolia huyohuyo, akamfuata ofisini. Alitaka kujua kwa nini haigandi.

"Nikamwambia sijui. Kumwambia mwanafunzi hivyo kunauma! Tukafungua vitabu, mimi na yeye."

Jibu lilikuwemo. Majivu ya ndizi yana potasiamu, inayotoa sabuni laini. Anayetaka ngumu anahitaji sodiamu, nayo imo kwenye chumvi ya jikoni. Wakamimina maji ya chumvi yaliyokolea kwenye uji ule. Sabuni ikajitenga, ikapanda juu. Wakaikamua, wakaikausha, na baada ya wiki kadhaa ikakatika kwa kisu vipande vizuri.

"Mawe! Nilipiga kelele mpaka mkuu wa shule akatoka nje," anasimulia Kokugonza, mshangao ukimtoka kwa Kihaya.

Wakapika nyingine, wakatia mchaichai. Mwalimu alipojiridhisha kuwa haichomi ngozi, Kokugonza akapeleka kipande nyumbani. Jumatatu mama yake akatokea shuleni bila kuitwa.

"Mikono yangu inanuka samaki miaka kumi na tano," anasema Anatolia. "Nilinawa, nikanusa, nikanusa tena. Nikamwambia Mwalimu, pale kikaoni nilikosea. Nipe vipande hamsini, wenzangu wa mwaloni, kule samaki wanakoshushwa, wanangoja."

Kipande ni shilingi mia saba, na faida inanunua vifaa vya kemia. Lakini kuna sharti.

"Asiyeweza kueleza mafuta yamegeukaje kuwa sabuni, hauzi," anasema Alistidia.

Sasa wanaochagua kemia ni arobaini na watatu.

Likizo ijayo, shule moja ya kisiwani imemwalika akafundishe. Mwalimu huyu hajawahi kupanda mtumbwi maishani.

"Ziwa naliogopa, wala kuogelea sijui," anasema, macho yakicheka. "Anatolia ameahidi kunishika mkono. Nitafumba macho mpaka tufike, halafu nitawaomba sufuria."