Mifuko ya Njiti

Mdogo wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Njiti kwa wembamba, aliporudi kutoka nyumba ya matibabu nilimkumbatia, kisha nikamziba mifuko yake kwa mshono. Mimi ni fundi cherehani. Kila mtu na silaha yake. Mara mbili alishaacha vidonge vya kulevya na mara mbili akavirudia, na ile ya pili pasi yangu iliota miguu. Ya tatu itamzika, daktari alisema bila kupepesa macho. Basi suruali zake zote nne, mbele na nyuma, nilizipiga mshono wa kufa mtu. Asiye na mfuko ataficha wapi?

Maskini Njiti akawa hajui mikono aiweke wapi. Akisimama na watu, mara aifunge kifuani, mara ajikune pasipowasha. Nilimcheka, lakini usiku nililala usingizi.

Baada ya miezi mitatu habari zikaenea. Wa kwanza kuja alikuwa jirani yangu muuguzi, suruali ya mwanawe kwapani. Ameinyakua kijana akiwa bafuni.

"Wangu hatumii, shoga. Ni tahadhari tu."

Akafuata mke wa dereva, naye tahadhari tu. Kisha mwalimu wa kwaya. Ndani ya wiki nilikuwa na suruali kumi na moja za watu wasiotumia. Mimi niliyekuwa nikipita mtaani kichwa chini kwa aibu ya ndugu yangu, kumbe wote tulikuwa tumeinamisha vichwa, ndiyo maana hatukuonana.

Mwezi wa nne tangu arudi, Njiti akaingia anameremeta. Seremala kampa kazi, tena na ufunguo wa karakana.

"Dada, nifungulie mfuko mmoja. Ufunguo nitauweka wapi?"

"Vaa shingoni."

"Kwani mimi mbuzi?"

Nikaendelea kukata kitambaa. Akavuta kigoda.

"Nikwambie kitu, ila weka mkasi chini kwanza. Mfukoni sijawahi kuweka kidonge hata siku moja. Nilikuwa naficha kwenye pindo."

Pindo! Nililolishona mimi, kwa uzi wangu! Miezi yote hiyo nalinda mlango, dirisha liko wazi. Sasa nani alikuwa akimzuia? Nilimtazama yule mwembamba, nikaona aibu na fahari kwa pamoja. Nikachukua wembe, nikamfumulia mifuko yote miwili ya mbele.

Kisha tukavuta lile rundo la suruali za majirani, yeye akinionyesha pa kupapasa. Ya tatu, ya mtoto wa muuguzi, ilikuwa na vitu vigumu pindoni. Hatukucheka tena.

"Naipeleka mwenyewe," Njiti akasema. "Wewe utapiga kelele, kijana akimbie. Mimi atanisikiliza."

Akatoka na suruali yenye vidonge. Nyumba ya muuguzi ni ya nne kutoka kwangu. Niliinuka mara mbili kumfuata, mara mbili nikakaa. Uzi ulikataa kabisa kuingia kwenye tundu la sindano.

Saa nzima ikapita ndipo akarudi, mikono mitupu.

"Tumevimwaga chooni, mama yake akiona. Kesho naenda na kijana kwa daktari."

Akasimama mlangoni, akaivuta mifuko yote miwili nje, ikaning'inia kama masikio ya huyo mbuzi wake. Akakunjua pindo la kulia, kisha la kushoto. Wala sikuwa nimemwuliza.

"Rudisha ndani," nikamwambia, najifuta macho kwa kitambaa cha mteja. "Utaniharibia mshono."