Bakuli Halirudi Tupu

Mama yangu hakuwa na ng'ombe wengi wala sauti nzuri ya kwaya, lakini alikuwa na mabakuli. Yalikuwa ya bati, meupe, ukingo wa buluu, na kwenye kitako palichorwa njiwa. Kila msimu wa pamba alinunua mawili matatu kwenye duka la ushirika pale Bariadi, akiyagombania na wenzake kabla hayajaisha. Baba alipofariki, mama alikuwa na kabati zima la njiwa.

Mtaani kwetu hapakuwa na msiba wala harusi bila vyombo vyake. Ukisikia alfajiri uani "Mwangaluka, mayu!", yaani umeamkaje mama, ujue kuna jambo. Mama aliitika bila haraka, akauliza habari za watoto na za mvua, ndipo afungue kabati. Baada ya siku tatu nne mabakuli yalirudi yamesuguliwa kwa majivu, na kwetu bakuli la watu halirudi tupu. Lilirudi na choroko, au michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Na aliyerudisha haondoki hivi hivi. Alikaa, alichokileta kikapikwa, akaeleza msiba ulivyokwenda, nani alilia kwa dhati na nani alifuata nyama. Mimi nilikua nikidhani watu wanakuja kwetu kwa sababu ya mama. Kumbe wengi walifuata bakuli.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Watu waliozoea foleni ya sabuni wakakuta mnadani bidhaa zimetandazwa chini kama mtama unaoanikwa. Mmoja wa waliotandaza ni mimi. Nilikuwa nimeachika na kurudi kwa mama, na mwanamke aliyeachika hachagui kazi. Nikawa nakwenda Mwanza kuchukua sahani na mabakuli ya plastiki, mekundu na ya kijani, mepesi ajabu. Wateja niliwaita kwa mdomo wangu huu huu: "Njooni akina mama, mtaazima mpaka lini? Kila mtu na chake!" Walicheka, wakanunua. Jirani yetu wa ng'ambo ya ua wa minyaa alibeba dazeni mbili.

Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Njiwa naye akaanza kupotea madukani, kwanza birika, kisha sahani, mwisho mabakuli. Tulisikia kiwanda chake kimepunguza watu, halafu hatukusikia tena kitu. Duka la ushirika likafungwa, mbuzi wakawa wanalala barazani pake. Mama aliendelea kuosha mabakuli yake kila Jumamosi, ingawa hakuna aliyeyachafua.

Siku moja kilio kikasikika alfajiri nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mama aliamka, akayatoa mabakuli yote, akayapanga uani, akakaa kando yake kwenye kigoda. Jua likapanda. Akina mama walipita njiani na vyombo vyao vya plastiki vichwani, wakamsalimu kwa heshima zote, wakaendelea na safari. Ilipofika saa nne aliyarudisha kabatini moja moja, tukaenda msibani mikono mitupu. Huko nilimwona akila ugali kwenye sahani nyekundu niliyoiuza mwenyewe. Nilitamani ardhi inimeze.

Tangu hapo uani kwetu pakawa kimya. Mimi nilikuwa kwenye minada, yeye nyumbani peke yake, na nikirudi alikuwa hana la kunisimulia.

Jioni moja niliwahi kurudi kutoka mnada wa Mwamapalala, nikamkuta anavuka minyaa kutoka kwa jirani, bakuli la kijani kwapani.

"La nini hilo, mayu?"

"Nimeazima. Nataka kuloweka choroko."

Nikatazama kabati, nikamtazama yeye. "Na haya yote?"

Akapita, akaliweka mezani. Hakuloweka kitu. Bakuli lilikaa mezani siku mbili. Siku ya tatu alilisugua kwa majivu, plastiki jamani, mpaka likakwaruzika. Akalijaza michembe, akavaa kitenge chake cha kanisani.

"Narudisha cha watu," akasema. "Msiningoje kula. Itabidi nikae."

Alisema "msiningoje" wakati nyumbani nilikuwepo mimi tu. Nikainjika sufuria ya mchele. Maji hayajachemka, nikamwona anaingia.

Nikamvutia kigoda. Nilikuwa nimeelewa kwamba aliazima ili awe na cha kurudisha na pa kukaa, nikajaribu kufanya yale ambayo yeye aliwafanyia watu miaka yote.

"Kaa, mayu," nikamwambia. "Nieleze ulivyowakuta."

Alikaa. Akaanza kufungua kitenge taratibu.

"Amelipokea mlangoni," akasema.