Kifua cha Mkwe Wangu

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kanisani, na kabla ya chai vilikuwa vyeupe kwa plasta. Hiyo ilikuwa karakana ya viungo bandia, katika hospitali moja hapa Eldoret. Nilikuwa nimetoka Bungoma kutafuta kazi, kichwani nina darasa la nne peke yake, lakini mikono yangu ilijua cherehani. Mkuu wa karakana, mzee mwenye sauti ya jogoo, aliniangalia juu mpaka chini.

"Mama, umezoea kushona nini?"

"Sweta za shule na makoti."

"Hapa tunashona watu. Keti."

Nyinyi vijana mnaona mikanda ya kifua ikitoka kwa katoni, tayari. Sisi tulitengeneza kwa mikono. Mtoto akiwa na kifua cha njiwa, yaani mfupa wa katikati umesukumwa mbele, tulimzungushia bandeji ya plasta, ikikauka tunaipasua, tunabaki na umbo lake. Juu ya umbo hilo nilikata ngozi, nikashona pedi ya kukandamiza polepole na mikanda ya kuvuta nyuma. Ukibana sana unachubua. Ukilegea, hayo ni mapambo. Wale wa kifua kilichobonyea kama bakuli la uji, mkanda haukuwafaa. Hao tuliwapeleka kwa daktari moja kwa moja.

Mkuu alikuwa na sheria yake. Mtoto akivua shati, mzazi aliyemleta naye avue, nyuma ya pazia.

"Kifua hakitembei peke yake," alisema. "Ukiona kimoja, uliza kimetoka kwa nani."

Wengi hawana ugonjwa wowote, ni umbo tu. Lakini ziko familia zinazozaliwa na udhaifu katika zile nyuzi zinazoshikanisha mwili. Watu wake ni warefu kupita kiasi, vidole virefu kama miguu ya buibui, macho hayaoni vizuri, na ule mshipa mkubwa unaotoka kwa moyo unaweza kutanuka kimya kimya mpaka siku unapasuka. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ni kama kurusha shilingi.

Walinituma kliniki ya Kesses, wakanituma Kiplombe, halafu Sista msimamizi akanirudisha mjini niwe mkubwa wa meza ya kushona. Nimeona vifua, jamani! Kimoja tu sikukiona: cha Barasa, mume wa binti yangu Nekesa. Kwetu Wabukusu, mama mkwe na mkwe hawaonani mwili, hata mkono hatusalimiani, na maneno hupitia kwa mtu wa katikati. Barasa ni mrefu kama mlingoti, na siku zote vifungo vimefungwa mpaka kooni. Mimi nilidhani ni adabu.

Halafu kifua cha mjukuu wangu Nafula kikaanza kuchomoza. Mwalimu wake alikuwa ameona ile miguu mirefu na alishaanza kumtafutia viatu vya kukimbia, ndio mji wetu huu wa wakimbiaji. Daktari wa moyo, msichana mdogo lakini mkali, akampima pale karakanani, akasema, "Hakuna kukimbia kwanza. Nataka wazazi wote wawili."

Nekesa alipimwa, akawa mzima. Barasa akaingia, akaniona mezani, akageukia mlango.

"Nekesa, mwambie mama siwezi kuvua shati chini ya paa moja na yeye."

"Nekesa, mwambie baba Nafula hili si paa la boma langu. Ni la hospitali."

"Mwambie paa ni paa."

Daktari akatushangaa. "Kwani hamsikizani? Si mko hapa wote?"

"Daktari, ngoja kidogo," Nekesa alisema. "Niko kazini."

Basi nikatoka. Nikaenda nyuma, pale tulipokuwa tukianika plasta, nikageukia ukuta. Bado akakataa. Nekesa akaniambia kwa dirisha, "Mama, baba yake alianguka shambani akafa akiwa kijana. Anaogopa kuambiwa."

Hapo nilipandisha sauti. "Mwambie baba Nafula hivi: asipovua leo, kifua chake nitakiona siku ya kuaga mwili, na siku hiyo hatakuwa na mdomo wa kunikataza!"

Hata fundi wa miguu bandia aliacha kugonga nyundo. Halafu sauti ya Nekesa, ndogo:

"Amevua, mama. Usigeuke."

Sikugeuka. Nililia nikiangalia ukuta.

Nekesa aliniambia kimebonyea, lile bakuli lenyewe. Mashine ya kuangalia moyo ikaonyesha mshipa umevimba kama tyubu ya baiskeli inayotaka kupasuka. Alipewa dawa, baadaye akapasuliwa, wakamtilia kipande cha mshipa bandia, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Nafula anakunywa dawa, anapimwa moyo kila akiitwa, na mkanda wake wa kifua ndio wa mwisho niliouchoma sindano kabla ya kustaafu. Huo niliushona mara mbili kila mshono.

Watu huniuliza kazi ilinipa nini. Magoti mabovu, nawajibu, na mkwe. Mashine zenu za sasa ni nzuri, zitumieni, lakini msisahau kuuliza kimetoka kwa nani.

Jumapili wanakuja kwangu Kapsoya. Barasa anakaa sebuleni, mimi jikoni, ukuta katikati yetu kama desturi inavyotaka. Kifua chake sijakiona mpaka leo. Nakisikia tu kikicheka.