Nilivyomzika Mama kwa Kijerumani

Mama yangu yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu Kibera ambao mpaka leo wakikutana naye njiani humwangalia mara mbili, na kosa ni langu.

Naitwa Trizah. Nakaa Kongo, huku Kawangware, na kwa miezi kumi na moja nilisoma Kijerumani ili niende Ujerumani kusomea kazi ya kuwatunza wazee. Mwenzangu alikuwa Rania, binti Mnubi wa Makina, kule Kibera, anayeuza kwenye duka la dawa. Chuo kimoja cha huko kilikuwa kimetukubali sote wawili kwa sharti moja: tufaulu mtihani wa kiwango cha B1 kabla ya mwisho wa mwezi wa nane. Rania alijua kuongea kuliko mimi. Mimi nilikuwa mtu wa kukariri.

Simu ndiyo iliyonifundisha. Nilikuwa na kamusi tatu ndani yake. Ile ya Kiswahili kwa Kijerumani ilikuwa na maneno machache, kwa hivyo nilipitia Kiingereza kwanza ndipo nivuke kwa Wajerumani, na neno likifika huko limechoka. Nilichopenda ni sentensi za mfano, zile ambazo kamusi huweka chini ya neno. Hizo zilikuwa zimenyooka, hazina kosa, kazi yako ni kumeza. Nilimeza mamia.

Mwezi wa sita, mafuta ya kukaangia yalimmwagikia Mama kwenye paja. Mama huuza mgongo wazi kule Gatwekera, Kibera, ile mifupa ya samaki inayobaki baada ya viwanda kutoa minofu. Jeraha lilikuwa baya. Lilihitaji kuoshwa na kufungwa bandeji mpya kila siku. Mimi nilienda Jumapili mbili. Siku nyingine nilituma ujumbe kwamba niko na mtihani. Kutoka Kongo hadi Gatwekera ni mwendo wa saa moja na kitu kwa miguu. Najua vizuri kwa sababu nilikuwa nikiupima kichwani kutafuta udhuru. Aliyekwenda ni Rania. Kila jioni akitoka dukani alipitia kwa Mama na pamba yake na dawa, hajaombwa na mtu, naye pia alikuwa na mtihani uleule.

Mtihani wa kuongea hufanywa na watu wawili wawili. Unapewa mada, unatoa hotuba fupi mbele ya watahini, kisha mwenzako anasema jambo kuhusu hotuba yako na kukuuliza swali. Halafu naye anatoa yake. Tulipangwa pamoja, tukaona bahati imetuangukia. Mada yangu ilikuwa kama wazee watunzwe nyumbani au kwenye makao ya wazee. Nilikuwa nimeitayarisha. Kuna sehemu unatakiwa kueleza yaliyokukuta wewe mwenyewe, na hapo nilikuwa nimechukua sentensi ya mfano chini ya neno la kuuguza: alimuuguza mama yake nyumbani mpaka alipofariki. Nilimtoa huyo mtu nikajiweka mimi, nikaongeza kwamba nilimwosha jeraha kila siku na kwamba alikata roho mikononi mwangu. Kilikuwa Kijerumani safi kabisa. Ukweli, kwamba mama yangu anauguzwa na mtoto wa mtu mwingine, ningelazimika kuutunga kwa maneno yangu, na maneno yangu yalikuwa na makosa.

Niliisema yote bila kukwama. Mmoja wa watahini, mama wa makamo mwenye miwani, aliacha kuandika akaniuliza ilikuwa lini. Swali hilo halikuwa kwenye maandishi yangu. Nikashika neno la kwanza nililolipata: Jumapili.

"Jumapili hii iliyopita?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akanipa pole kwa sauti ya chini.

Nikamgeukia Rania aniulize swali lake, nikaona uso wake umebadilika. Kwetu, mtu akiwa na mtihani, msiba hufichwa mpaka aweke kalamu chini. Kila mtu anajua hivyo. Rania alikuwa amemwona Mama mara ya mwisho Jumamosi, jeraha likitoa usaha, akamwambia lisipokauka waende hospitali. Kisha akamwachia Nafuna, jirani wa Mama, ile kazi ya bandeji, ili naye apate siku tatu za kusoma. Sasa ilikuwa Jumatano. Akaamini palepale kwamba Mama alikufa Jumapili na watu wote wakamficha.

Alifungua mdomo aniulize swali, yakatoka machozi. Wakampa maji. Wakampa dakika ya kupumua. Alipoanza hotuba yake alisema sentensi tatu, akarudia ile ya kwanza, akanyamaza. Miezi kumi na moja ikaishia hapo.

Neno moja tu lingetosha: yuko hai. Kwa Kiswahili, kwa Kijerumani, hata kwa mkono. Nilikaa nimekunja vidole juu ya meza, nikiogopa kwamba wakijua nimedanganya watanifutia mtihani. Mimi ni mwoga, na sikuwa najua ni kwa kiasi gani mpaka siku hiyo.

Nje alinikumbatia. "Pole Trizah. Pole sana. Walinificha, wallahi."

"Asante," nikasema.

Mungu anaona. Nilisema asante. Akaniambia anaenda Kibera moja kwa moja; mimi nikasema sijisikii vizuri, nitapitia nyumbani kwanza. Nikaenda Kongo nikajifungia, na sikuwasha simu.

Yaliyofuata niliyasikia kesho yake asubuhi kutoka kwa marehemu mwenyewe. Nilimkuta ameketi nje kwenye kigoda, mguu ameunyoosha, anachambua omena. Kando yake palikuwa na pakiti za sukari, majani ya chai na unga.

"Karibu," akasema. "Chukua sukari. Ni ya matanga yangu."

Rania alikuwa amefika na mamake, Mabrouka, pamoja na akina mama wengine wanne wa Makina, leso vichwani. Walipopinda kona wakaangua kilio. Mama alipowaona, naye akaanza kulia kwa nguvu, akidhani wamekuja kumwambia kwamba mimi ndiye niliyekufa. Walilia hivyo pamoja kwa muda kabla Mabrouka hajaangalia vizuri anayelia ni nani.

"Yawa, walinishikashika kama watu wananunua kuku," Mama akasema. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na Rania?"

"Alifungua bandeji, akaosha, akafunga ingine. Akaenda bila kunywa chai." Akaweka omena chini. "Sasa niambie. Nilikufa aje?"

"Mikononi mwangu."

"Eh. Na nani alikuwa ananiosha hii mguu?"

Nikaokota omena moja nikaanza kuichambua.

"Nakuuliza, mwanangu. Huko kwa mtihani, nani alikuwa ananiosha?"

"Mimi."

Aliutazama mguu wake. "Hiyo ya kufa nimekusamehe. Hata babako alikuwa ananiua kwa bosi wake kila akichelewa kazi. Lakini hiyo ya kuniosha si yangu ya kusamehe. Mwenyewe ako Makina."

Sikwenda Makina. Niliona aibu, na aibu ikakaa wiki mbili, mpaka matokeo yakatoka. Kwenye kuongea nilipata alama tisini na moja. Rania alifaulu kusoma, kusikiliza na kuandika, akaanguka kuongea. Nafasi ya kurudia ilikuwa mwezi wa tisa, na chuo kilisema hakingoji. Hapo ndipo nilipoandika barua kwa kituo cha mtihani, nikaeleza kila kitu na kuomba wampe nafasi nyingine mapema hata kama wataninyang'anya cheti changu. Nikaibeba mpaka dukani kwake.

Alikuwa akipanga dawa kwenye rafu. Aliisoma yote amesimama, akaikunja, akanirudishia.

"Hawatanipa chochote, na wewe watakutoa. Tutabaki hapa wawili. Itasaidia nani?"

"Rania, ulilia kwa sababu yangu. Ulidhani Mama amekufa."

"Hiyo ilikuwa mwanzo tu." Akashusha sauti, ingawa dukani hakukuwa na mtu mwingine. "Kila jioni nikimfunga bandeji alikuwa anaangalia mlango. Akisikia viatu huko nje ananyamaza, asikize kama ni wewe. Sasa siku hiyo nakusikia ukisema ulikuwa unamwosha, ati alikufa ukimshika. Nikajua ulikuja zile siku mimi sikuwa. Nikashindwa kuongea, Trizah. Nilikuwa namshukuru Mungu ulikuja."